Maswali ya Wasomaji: Marigodi zenye majani mengi na maua haba

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepanda marigodi kuzunguka bustani yangu ya nyanya hapa Morogoro, kwa kuwa niliambiwa harufu yake hufukuza minyoo fundo, wale wadogo wa udongoni wanaoingia mizizini na kuifanya iote vinundu. Kila wiki naziwekea samadi ya kuku. Zimefika kiunoni lakini maua ni ya kuhesabika, na juzi nilipong'oa mnyanya uliodumaa nilikuta mizizi imejaa vinundu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, anza kwa kuacha hiyo samadi. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na marigodi inayolishwa hivyo kila wiki hurefuka na kuotesha majani huku ikichelewa kuchanua. Samadi iliyooza vizuri, ikichanganywa na udongo mara moja tu kabla ya kupanda, inatosha kabisa. Mimea ipate jua kwa saa sita au zaidi kwa siku, nawe uimwagilie shinani, kwa sababu maua makubwa hushika maji na kuoza. Ua likinyauka, likate pamoja na kikonyo chake hadi juu ya majani yanayofuata. Wengi hunyofoa petali tu na kuacha kile kitako cha kijani, ambacho ndicho kinachokomaza mbegu, na mmea ukishapata mbegu hupunguza kuchanua.

Kuhusu minyoo, uliambiwa nusu ya habari. Harufu haiwafukuzi, kinachowadhuru ni kemikali iliyomo katika mizizi ya marigodi iliyo hai, nayo haifiki mbali, kwa hiyo mstari wa pembezoni haukingi minyanya iliyo katikati. Ukitaka faida hiyo, panda marigodi peke yake katika eneo lote utakaloweka nyanya msimu ujao, mche hadi mche sentimita 20 hivi, uziache kwa miezi miwili au zaidi, na upalilie bila kuchoka, kwani magugu mengi huwalisha minyoo hao hao. Chagua aina fupi ziitwazo za Kifaransa, ambazo kwa kweli asili yake ni Meksiko na nchi jirani, na ambazo ndizo zinazosifika zaidi kwa kazi hii.

Minyanya yenye vinundu ing'oe pamoja na mizizi yake yote uichome moto, wala usiitupe kwenye shimo la mboji.