Kabla hujarekodi hicho kibwagizo, mwimbie mtu bila maneno

Mkuu, usiende studio kwanza. Ahirisha.

Umeuliza mambo mawili: utamfuataje mtunzi unayemhusudu bila kuonekana mwigaji, na maikrofoni gani inafaa kurekodia nyumbani. Lakini katikati umepitisha jambo kana kwamba ni dogo. Kwamba tangu mwaka jana humsikilizi mtu mwingine yeyote, ni yeye asubuhi na yeye usiku, na kwamba juzi umeamka na kibwagizo kizima kichwani, "kimekaa chenyewe, sikugusa hata noti moja". Halafu prodyuza wako kakwambia mrekodi fasta kabla wazo halijapoa.

Waliotangulia kujibu wamekupongeza. Mimi sikupongezi. Kibwagizo kilichokuja kizima baada ya mwaka wa kumsikiliza mtu mmoja ni mtuhumiwa, na kinasafishwa kwa njia moja tu: kivue maneno, mwimbie mtu anayemjua huyo mtunzi kuliko unavyomjua wewe, la-la-la tupu, na umtazame usoni. Fanya hilo kabla ya kulipia hata saa moja ya studio.

Na mimi nilikuwa na mtunzi wangu. Simtaji, kwa sababu hana kosa lolote na mambo yetu yalikwisha. Nilizijua nyimbo zake zote, hadi zile za upande wa pili wa kaseti ambazo hakuna redio iliyowahi kuzipiga. Nilijua anavuta pumzi wapi. Nilijua kwamba akimaliza ubeti wa pili hushuka chini kabisa kabla ya kupanda kwenye kiitikio, na kwamba neno zito haliweki mwisho wa mstari kama wafanyavyo wengi, bali huliweka la pili kutoka mwisho ili lile la mwisho litue polepole. Huko ni kusoma kweli na sijutii. Tatizo ni kwamba masikio hayachagui. Unapojifunza pumzi zake na mizani yake, tuni zake nazo zinaingia na kukaa. Ubongo unaihifadhi tuni lakini unasahau ilikotoka. Siku inaporudi haina jina la mtu, basi unaipa lako.

Yangu ilirudi hivyo hivyo, nzima. Nikakimbilia gitaa, kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) zikajipanga zenyewe, nikaona nimebarikiwa. Rafiki yangu akaiandikia mashairi, mazuri kuliko yote aliyowahi kuandika, na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, maana maneno yale yalikuwa yake kwa haki. Tukaenda studio.

Prodyuza alisikia. Nataka ulielewe hili vizuri: alisikia. Tulipopiga mara ya kwanza aliinua kichwa akasema, "Hii inanikumbusha kitu." Nikamuuliza kitu gani. Akasema hakumbuki, ila hata kama ipo, ukibadilisha noti mbili tatu inakuwa yako, na isitoshe kipande chenyewe hakifiki baa nane, yaani vipimo vinane vya mapigo, na chini ya baa nane hakuna kesi. Aliyasema kwa uhakika kama jaji anayesoma hukumu. Tukabadilisha noti mbili, tukaongeza mwendo, tukarekodi.

Hakuna sheria ya baa nane. Hakuna ya noti tatu, hakuna ya sekunde kumi. Huu ni uzushi unaozunguka studio hadi studio, na kila anayeurudia kausikia kwa mwingine ambaye naye kausikia. Kinachopimwa ni kama ulichochukua ni kiini cha kazi ya mwenzio, hata kiwe kifupi namna gani, na mara nyingi kibwagizo ndicho kiini chenyewe. Yule bwana alikuwa na miaka mingi kwenye kazi ile. Kama hakujua, alipaswa kujua. Malipo yake alichukua yote kabla wimbo haujatoka, na yaliyofuata hayakumgusa hata ukucha. Ndiyo maana nikisikia mtu kaambiwa "rekodi fasta" damu inanichemka. Haraka ni ya nani? Mwenye haraka ndiye atakayelipwa leo. Atakayejibu barua kesho ni wewe.

Tulijua jukwaani, wimbo ukiwa tayari umeanza kupendwa. Tunaingia kiitikio, watu wanaitikia. Mbele kabisa kuna mzee mmoja anaimba kwa furaha, ila midomo yake haifuati maneno yetu. Nikamtazama tena. Alikuwa anaimba maneno ya mtunzi wangu, wimbo wa zamani, na silabi zake zilikaa juu ya muziki wetu moja baada ya nyingine, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Hata pale tulipobadilisha zile noti mbili alipita juu yake bila kushtuka. Mzee wa watu hakuwa anatukebehi, alidhani tumeupiga upya kwa heshima. Vidole vilinifa ganzi kwenye nyuzi. Nikaumaliza wimbo huku najua.

Barua ilipokuja kutoka kwa wawakilishi wa mtunzi wangu ilikuwa ya kistaarabu tu. Wimbo ukaondolewa kila mahali, tulichoingiza kikaenda kwao, na beti za rafiki yangu zikazikwa pamoja na tuni ambayo yeye hakuitunga. Kundi halikudumu baada ya hapo. Rafiki yangu hakunilaumu kwa mdomo, lakini hajaniandikia mstari tena. Wale mtakaosema "aah, ni wimbo mmoja tu", chekeni mnavyotaka, ila kwanza nendeni mkamwambie hivyo mtu aliyeandika beti zake bora kuliko zote na hawezi kuziimba popote.

Usitegemee pia kwamba kutokukusudia kutakuokoa. George Harrison, mpiga gitaa wa kundi la Beatles la Uingereza, alitoa wimbo wa My Sweet Lord mwaka 1970. Wenye haki za He's So Fine, utunzi wa Ronnie Mack ulioimbwa na kundi la Chiffons na kushika namba moja Marekani mwaka 1963, wakampeleka mahakamani. Mwaka 1976 jaji wa New York, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa muziki, akaichambua ile tuni kipande kwa kipande. Cha kwanza, kwa majina ya noti, ni sol-mi-re, kinarudiwa. Cha pili ni sol-la-do-la-do, nacho kinarudiwa. Akakubali kwamba kila kipande peke yake ni cha kawaida tu, lakini kuvifuatanisha kwa mpangilio ule na marudio yale si jambo la kawaida hata kidogo. Akakubali pia kwamba Harrison hakuiba kwa makusudi. Na bado akaamua dhidi yake: amenakili bila kujitambua, na mbele ya sheria kunakili ni kunakili.

Sasa angalia kilichofanya ufanano ule usionekane haraka. Wimbo mmoja unamsifu kijana mtanashati, mwingine unamlilia Mungu. Maneno yamekwenda mbali kiasi kwamba sikio linakwenda nayo. Ndiyo sababu nasema vua maneno. Vua na ngoma, vua na mwendo, vua kila nguo. Maneno mazuri ndiyo yanayoificha tuni ya watu, na kadiri mashairi yanavyokuwa bora ndivyo yanavyoificha zaidi. Sisi tulifichwa na beti za rafiki yangu.

Mwenzake Harrison katika Beatles, Paul McCartney, aliamka siku moja na tuni ya Yesterday kichwani, nzima kabisa, kama wewe. Tofauti ni kwamba yeye aliishuku. Akaivalisha maneno ya ovyo kuhusu mayai ya kuvuruga ili isipotee, kisha kwa wiki kadhaa akawa anawapigia watu wa muziki akiwauliza: hii mnaijua? Ni ya nani? Hakuna aliyeijua. Ndipo akakubali kwamba ni yake, na wimbo ukatoka mwaka 1965. McCartney, mkuu, mtu aliyekuwa na kila sababu ya kujiamini! Wewe na mimi tuna nini cha kutufanya tusiulize?

Mtaniletea habari za Bob Dylan na Woody Guthrie, watunzi wa Marekani wa nyimbo za kiasili, kwamba Dylan naye alichukua tuni. Nawajua. Ni kweli kwenye albamu yake ya kwanza ya mwaka 1962 Dylan aliweka wimbo uliokalia tuni ya Guthrie. Lakini jina la wimbo wenyewe ni Song to Woody, anazungumza na Guthrie ndani ya wimbo, na walikuwa katika muziki ambao kupokezana tuni ndiyo desturi yake. Guthrie mwenyewe alikuwa akivalisha tuni za zamani maneno mapya. Dylan hakumficha mtu. Kwangu hiyo ni shukrani iliyotolewa hadharani, na haifanani kabisa na kujikuta umeibeba tuni ya mtu chini ya jina lako.

Kama unataka kuona mtunzi anavyomjenga mwanamuziki mwingine, mtazame mpiga gitaa Jimi Hendrix. Alimpenda Dylan kupita kiasi. Hendrix hakuipenda sauti yake mwenyewe, na kumsikia Dylan akiimba kwa koo lile la kukwaruza kulimpa moyo kwamba na yeye anaweza kusimama mbele ya maikrofoni. Alichukua ujasiri, sauti ya Dylan akaiacha kwa mwenyewe. Na alipoutaka wimbo wake, aliuchukua mchana kweupe: All Along the Watchtower ya mwaka 1967 akaipiga upya mwaka 1968, jina la Dylan likabaki pale pale kama mtunzi, gitaa likawa la Hendrix tupu. Matokeo yake ni kwamba Dylan mwenyewe baadaye akawa anaupiga jukwaani kwa namna iliyomwelekea Hendrix. Hapo aliyefuatwa amegeuka kuwa mfuasi, na hakuna barua ya wakili iliyoandikwa.

Karibu na sisi kuna Bi Kidude na Siti binti Saad. Siti ndiye aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Bi Kidude alizibeba nyimbo za Siti maisha yake yote na hakuacha kusema ni za nani, ila alizipitisha kwenye lile koo lake la chuma na mkono wa mpiga ngoma. Ukimsikiliza hudhani hata kidogo kwamba ni mwigaji, na nyimbo zenyewe ni zile zile!

Kwa hiyo usiogope kumpenda mtunzi wako. Chukua pumzi zake, chukua namna anavyomchelewesha msikilizaji kabla ya kiitikio, chukua idadi ya silabi kwenye mstari, chukua hata mfuatano wa kodi kama ni ule unaotumiwa na kila mtu. Mwaka 2023 baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani huko New York lilikubaliana na mwimbaji Mwingereza Ed Sheeran katika kesi ya namna hiyo, ambapo utetezi wake ulikuwa kwamba kodi zile ni mali ya wote. Ingawa hata hapo tahadhari: kesi ya mwaka 2015 juu ya Blurred Lines, wimbo wa Robin Thicke na Pharrell Williams uliodaiwa kumnakili Marvin Gaye, iliisha kwa familia ya Gaye kupewa mamilioni ya dola, na wanamuziki wengi walilalamika kwamba safari hii kilichoadhibiwa ni ladha ya wimbo tu, si tuni. Mimi naona hukumu ile ilivuka mpaka. Lakini maoni yangu hayatakusaidia mbele ya wakili wa mtu, na kama ladha peke yake imewahi kumfikisha mtu pale, wewe unayebeba tuni nzima iliyokujia usingizini umesimama wapi?

Basi fanya hivi. Mtu utakayemwimbia asiwe prodyuza wako, wala mpenzi wako, wala wenzako wa kundi. Hao wanataka wimbo uwe mzuri. Tafuta mtu mzima mwenye masikio ya zamani, yule mwenye sanduku la santuri na kaseti ambaye akianza kuzungumzia mtunzi huyo hanyamazi. Usimwambie umetunga. Usimwambie chochote. Shika gitaa au usishike, mwimbie la-la-la kwa mwendo wa taratibu, mara ya kwanza kibwagizo chote. Mara ya pili katisha kabla ya mstari wa mwisho, unyamaze. Akibaki anakutazama, mpelekee mwingine, na mwingine tena. Akikumalizia mstari kwa maneno ya huyo mtunzi, muulize wimbo unaitwaje, uandike jina hilo kwenye karatasi, na kesho yake asubuhi umpigie prodyuza umwambie tarehe ya studio imefutwa.