Ukipata jibu la tumbo, usifunge faili

Mdogo wangu unayeanza kazi ya utabibu, wagonjwa wa tumbo utakutana nao kila siku, na wengi watakuja jina la ugonjwa wameshalipata mtaani: "Daktari, nina vidonda vya tumbo." Usibishane nao, ila usiliandike kabla hujauliza.

Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja mama muuza chapati. Tumbo linajaa, linanguruma, anaharisha. Kipimo cha choo kikaonyesha giardia, vimelea wadogo wa utumbo. Nikampa tinidazoli, dawa ya kuwaua, nikajiona bingwa. Wiki ya tatu akarudi na malalamiko yaleyale. Kalamu ilishagusa karatasi nimwandikie dozi nyingine, ndipo nikamuuliza asubuhi anakunywa nini. Chai ya maziwa, vikombe viwili. Na tangu augue, ameongeza glasi ya maziwa jioni "yanirudishie nguvu".

Giardia hujibandika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, na hapo ndipo kinapotoka kimeng'enya cha kuvunja laktosi, ile sukari ya maziwa. Vimelea wanaweza kuisha, ukuta ukabaki na majeraha wiki kadhaa. Laktosi isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, gesi inajaa. Isitoshe, watu wazima wengi wa kwetu kimeng'enya hicho hupungua tu kadiri wanavyokua, hata bila kuugua. Nilirudia kipimo cha choo, kikawa safi. Akaacha maziwa, ndani ya siku chache mngurumo ukatulia. Mtindi haukumsumbua, maana bakteria wake wameshakula sehemu ya laktosi.

Kwa H. pylori, bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo, kipimo cha damu kisikudanganye: kinga za mwili hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya mtu kupona. Tumia cha choo au cha pumzi, lakini omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, iwe imeachwa wiki mbili na antibayotiki wiki nne, la sivyo jibu hasi halina maana. Uliza waziwazi, ya dukani wengi hawaihesabu kuwa dawa.

Kinachoniudhi ni ile karatasi ya makatazo wanayopewa wagonjwa wa tumbo: maharage, maziwa, machungwa, pilipili, vyote kwa mpigo. Nimeona watu wamekonda kwa karatasi hiyo. Ondoa kimoja, wiki mbili hadi nne, kisha kirudishe uone. Choo cheusi kama lami, damu, uzito kushuka au chakula kukwama kooni, hapo acha majaribio, andika rufaa.

Yule mama sasa anakunywa chai ya rangi. Jumapili hutia maziwa kidogo, na anajua mwenyewe akizidisha nini kitafuata.