Usimpe Mtoto Bodi Iliyokamilika

Wiki iliyopita dada mmoja wa Singida aliniandikia: "Kaka, nimeona watoto wako wa Dodoma wakiteleza na skeitibodi, zile mbao za magurudumu manne. Hapa mtaani nina watoto hawana mchezo wowote. Nipate wapi bodi za msaada, na nizigawe vipi?" Swali la kwanza ni jepesi. La pili lilinigharimu miaka miwili na rafiki mmoja.

Rafiki yetu aliyewahi kujitolea hapa Dodoma aliporudi kwao Ujerumani aliwaomba wenzake vifaa vyao vya zamani, akatutumia maboksi. Habari za kuyakomboa nitaziruka, maana nikianza sitamaliza. Mimi na mwenzangu tulikaa siku mbili tukifunga nati, tukapata bodi 9. Tukazing'arisha, tukawaita watoto wa Chang'ombe na wale wanaouza karanga jirani na soko la Majengo, tukagawa, tukapiga picha. Usiku ule sikulala kwa furaha.

Mwezi haukuisha. Bodi 3 ziliuzwa, na siwalaumu waliouza, maana nyumbani hakukuwa na unga. Mbili zilichukuliwa na kaka zao wakubwa. Zilizobaki zilimalizwa na vumbi. Vumbi la Dodoma mnalijua, hasa kiangazi upepo unapovuma. Liliingia kwenye beringi, magurudumu yakaanza kulia, kisha yakagoma kabisa. Mtoto hajui aanzie wapi, anaisukumiza bodi uvunguni. Moja niliikuta uani imekuwa kibao cha kuanikia vyombo.

Mwenzangu akasema tuombe nyingine. Mimi nikasema tukusanye kwanza zile mbovu. Hatukuelewana, akaondoka na boksi lililobaki pamoja na picha zote. Mpaka leo picha zile zinazunguka zikiombewa misaada ambayo watoto wale hawajaiona. Nimeshasamehe, lakini kila nikiziona moyo unaniuma upya.

Nilikusanya mabaki nikayapeleka kwa mzee mmoja, fundi baiskeli. Alishika beringi moja, akaizungusha kwa kidole, akaisogeza sikioni. "Mwanangu, hii haijafa. Imejaa uchafu tu." Pembeni alikuwepo mtoto wa miaka 11 aliyekuja kujaza upepo, mmoja wa wale niliowapa bodi. Mzee akampa pini na kumwambia, "Fungua." Mtoto akafungua kifuniko, akaona goroli 7 ndani, akaanza kuzisugua kwa mswaki bila kuagizwa. Nikasimama pale nikitazama, na nikajua nilipokosea. Watoto wetu wamekulia kwenye vigari vya mbao vya beringi walivyojitengenezea wenyewe. Mimi niliwapelekea kitu kilichofungwa tayari, kama vile hawana mikono.

Dada yangu, shika hili: karibu skeitibodi zote duniani zinatumia beringi ya aina moja, namba 608. Tundu lake ni milimita 8, kipenyo 22, upana 7. Kwa hiyo magurudumu ya Mjerumani mmoja yataingia kwenye ekseli za mwingine, na mabaki ya bodi 5 zilizokufa yanaweza kukupa 2 au 3 zinazotembea. Vifaa ni vichache. Spana ya 10 ni ya bolti zinazoshika ekseli kwenye ubao, ya 13 ni ya magurudumu, na spana malaya ni kwa nati ya kingpini, ile bolti kubwa ya katikati ya ekseli, kwa sababu ya 14 wakati mwingine hukataa kuingia. Beringi loweka kwenye mafuta ya taa, mbali na jiko na mtu mzima akiwepo. Sugua, anika mpaka zikauke kabisa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja! Ukizidisha, unaliita vumbi.

Ubao nao hutengenezwa kwa tabaka 7 za mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi. Tabaka zikiachana pembeni, tia gundi ya mbao, bana usiku kucha. Ukipasuka katikati, kati ya ekseli na ekseli, usimpandishe mtoto hata kama unakuuma. Kata utengeneze kigoda.

Wanaokutumia vifaa waambie ukweli wa barabara zako. Wengi hutoa magurudumu magumu, ya 99A (namba hiyo ni kipimo cha ugumu), yanayofaa sakafu laini. Kwenye kokoto zetu yanamtetemesha mtoto mpaka anachukia mchezo. Omba laini, ya 78A au karibu na hapo. Omba helmeti kabla ya kuomba mbao.

Sasa kwangu hakuna mtoto anayepewa bodi. Anafungua iliyokufa, anasafisha beringi zote 8, anaifunga, anateleza, jioni inarudi stoo. Inakuwa yake siku atakapomfundisha mwenzake kuifungua na kuifunga. Tangu tuanze hivyo hakuna iliyouzwa. Jumamosi iliyopita binti mmoja anayeuza ubuyu alibadilisha gurudumu huku watoto 4 wamemzunguka, akiwaeleza kwa sauti ya mwalimu. Naandika haya bado nimejawa na fahari.

Wazazi watakwambia ni uhuni. Mimi huwaeleza kwamba mchezo huu uliingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, na Momiji Nishiya wa Japani alichukua dhahabu akiwa na miaka 13. Mama mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza nani atalipa hospitali mtoto akivunjika mkono. Alikuwa sahihi. Kuanzia siku ile, asiye na helmeti hapandi, na uwanja tunaufagia kokoto kabla ya kuanza. Shule moja ilitufukuza kwenye uwanja wake wa saruji ikisema tunaharibu sakafu. Iliniuma, ila tulipata pengine.

Ndugu zangu mnaotaka kusaidia watoto, tuache kugawa vitu ili tupate picha. Mtoto maskini si ukuta wa kutundikia wema wetu. Mpe spana. Mpe muda wako wa Jumamosi, na Jumamosi inayofuata, hata siku ambayo hakuna mgeni wa kukuona. Nawaambia kwa sababu nilifanya kinyume.

Dada, Ijumaa nitapakia boksi dogo kwenye basi la Singida. Lina ekseli jozi moja, magurudumu 4 laini, beringi 8, bolti na helmeti moja. Ubao hamna. Tafuta seremala akukatie plaiwudi nene. Ubao huo utakuwa mzito, lakini utambeba mtoto. Na zile beringi sijazisafisha.