Watafiti wa kujitolea kwa filamu ya picha za Kigoma: maswali na majibu

Ninatayarisha filamu fupi ya makala kuhusu studio za zamani za picha za Kigoma na Ujiji, na sina fedha za mishahara. Je, ni haki kuwatafuta wanafunzi wafanye utafiti bila malipo? (Mtayarishaji, Mwanga)

Ni haki endapo tangazo litasema wazi kwamba hakuna mshahara, litataja mwisho wa kazi, na wewe utagharimia nauli ya Ujiji, bando la intaneti na nakala, kwa sababu asiyelipwa hapaswi kutoa fedha zake ili filamu yako ikamilike. Usimpangie saa za kuingia na kutoka: kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 humdhania kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, mtu ambaye saa zake au namna yake ya kufanya kazi inaongozwa na anayemtumikia. Kuandika kwamba amejitolea hakutoshi kuliondoa hilo. Chukua vijana wawili unaoweza kuwagharimia, si kumi watakaotembea kwa miguu juani.

Mtafiti wa filamu ya namna hii hufanya nini hasa? (Mwanafunzi wa chuo, Kigoma)

Huanza na watu: wazee waliosafisha picha wenyewe katika chumba cha giza, na familia zenye albamu. Kwa kila picha huandika aliyepigwa, aliyepiga, mahali na mwaka. Mwaka usipojulikana, huusaka ndani ya picha yenyewe. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo picha ya garimoshi stesheni haiwezi kuwa ya kabla ya hapo; meli ikionekana na jina la Liemba, picha si ya kabla ya miaka ya 1920, kwani meli hiyo ilirudi kazini kwa jina hilo mwaka 1927. Utapitia pia hifadhi za mbali, kama Bundesarchiv ya Ujerumani, yenye picha za mpiga picha Mjerumani Walther Dobbertin za enzi ya ukoloni wa Kijerumani, nyingi zikionekana bure intanetini. Hata hivyo, hizo ni picha zilizochaguliwa na jicho la mgeni. Ndiyo maana ninaithamini zaidi albamu iliyoko sebuleni Ujiji, ambamo watu walichagua wenyewe nguo, pazia na namna ya kusimama.

Vijana wameniomba negativu zangu, yaani filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo, wakazifanyie kazi kwao. Niwape? (Mwenye studio ya zamani, Ujiji)

Shikamoo mzee wangu. Usiwape. Wazipige picha hapo hapo kwako, wakizishika negativu pembeni bila kugusa uso wa filamu, na mwandikiane kibali kinachotaja zipi zitatumika na kwa kazi gani. Wateja wako walio hai, au jamaa za marehemu, nao waulizwe. Familia ikikataa, picha hiyo iachwe, hata ikiwa ndiyo nzuri kuliko zote.

Nikijitolea, nidai nini? (Mhitimu, Kasulu)

Dai kwa maandishi, kabla ya kuanza, jina lako kama mtafiti mwishoni mwa filamu, nakala ya filamu, na barua inayoeleza kazi uliyoifanya. Barua inayosema tu kwamba ulishiriki haitamsaidia mwajiri kukufahamu.