Omba hati, usiombe maelezo: majibu kwa mnaotafuta nyaraka za serikali

Niliandikia wizara kuuliza kwa nini ujenzi wa barabara yetu umesimama. Nikajibiwa: "Mradi unaendelea." Nifanyeje?

Uliuliza "kwa nini", na swali la namna hiyo ofisa hulimaliza kwa sentensi moja. Sheria za haki ya kupata taarifa hukupa nyaraka ambazo ofisi tayari inazo; kwa kawaida hazimlazimishi mtu kukutungia maelezo mapya. Kabla ya kuandika, jiulize: kazi hii ilipokuwa ikifanyika, karatasi zipi ziliandikwa? Barabara huwa na mkataba, mchanganuo wa gharama, hati za malipo na ripoti za mhandisi msimamizi.

Basi andika: "Naomba nakala ya mkataba wa ujenzi wa barabara hii, hati za malipo aliyolipwa mkandarasi kuanzia Julai 2023 hadi Juni 2024, na ripoti za ukaguzi za kipindi hicho." Taja barabara kwa jina na inakoanzia na kuishia. Ofisa akisoma hivyo anajua avute faili lipi. Ukiomba "taarifa zote kuhusu barabara", umempa sababu ya kukurudishia barua kwamba ombi ni pana mno. Kama hujui hati inaitwaje, pitia bajeti na ripoti za ukaguzi wa hesabu za serikali; humo miradi hutajwa kwa jina, na mara nyingine mkataba kwa namba yake.

Masjala waliniuliza nyaraka nazitakia nini. Lazima niseme?

Katika nchi nyingi, hapana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inasema wazi kuwa haki yako haiathiriwi na sababu utakayotoa. Sweden, ambako haki hii ina mizizi tangu 1766, ofisi kwa kawaida haitakiwi kukuuliza sababu, wala hata jina. Jibu kwa upole kwamba unaomba kwa mujibu wa sheria, ukaitaje. Angalia tu suala la uraia: Kenya na Tanzania haki hii ni ya raia, ilhali Marekani yeyote anaweza kuomba.

Naweza kuandika kwa Kiswahili?

Kenya, ndiyo, sheria imekitaja pamoja na Kiingereza. Na asiyejua kuandika, au anayezuiwa na ulemavu, anaweza kueleza ombi lake kwa mdomo na ofisa akaliandika. Tafadhali waambieni wazee wenu, maana wengi huishia mlangoni wakidhani haki hii ni ya wasomi.

Ni miezi sasa, kimya kabisa.

Kimya nacho ni jibu. Kenya na Uganda muda ni siku 21, Tanzania 30, Uingereza na Marekani siku 20 za kazi. Kenya na India, jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Kenya muda ukipita bila jibu, ombi huhesabiwa limekataliwa, nawe una siku 30 za kwenda Tume ya Haki ya Utawala. Usikae ukingoja huruma, kwani rufaa nayo ina ukomo.

Yote haya yanategemea uthibitisho wa siku ombi lilipopokelewa. Peleka nakala mbili: moja ibaki masjala, nyingine igongwe mhuri wenye tarehe urudi nayo. Ukituma kwa barua pepe, usiifute.

Nimepewa mkataba, lakini nusu yake umefunikwa kwa wino mweusi. Ni halali?

Inategemea kilichofunikwa. Usalama wa taifa, faragha ya mtu na siri za biashara hulindwa karibu kila mahali. Lakini kinachoweza kutolewa lazima kitolewe, na sababu ya kuficha kilichobaki itajwe. Simu binafsi ya mkandarasi ikifichwa, sawa. Jumla ya fedha za umma alizolipwa ikifichwa, kata rufaa: taja ukurasa na aya, kisha wadai waonyeshe kifungu kinachowaruhusu.