Mukimo unanata kama gundi: kosa liko wapi?

SWALI: Kila nikipika mukimo hutoka unanata kama gundi, na rangi inakuwa ya matope badala ya kijani. Huwa nachemsha viazi, mahindi makavu na majani ya malenge katika sufuria moja iliyofunikwa, kisha nasaga vyote kwa blenda. Nakosea wapi?

JIBU: Blenda ni ya majani peke yake, kiazi usikitie humo kabisa. Wanga wa kiazi umefungiwa ndani ya seli. Mwiko huzitenganisha seli hizo nyingi zikiwa nzima, lakini visu vya blenda huzipasua, wanga ukamwagika na kuchanganyika na maji. Hiyo ndiyo gundi unayoiona, na ikishatokea hairudi nyuma.

Kwa watu sita, andaa viazi kilo moja na nusu, vikombe viwili vya mahindi mabichi yaliyopukuchuliwa, kikombe cha minji (njegere), majani 12 hivi ya malenge, vitunguu viwili, vijiko vitatu vikubwa vya mafuta au siagi, na chumvi.

Mahindi hutangulia jikoni, tena peke yake. Mabichi huiva kwa dakika 30 hadi 45. Makavu yaloweke usiku kucha, kisha uyachemshe saa mbili au zaidi. Ganda lake likikusumbua, tafuta muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa. Minji mibichi huhitaji dakika 10 tu.

Shangi ndicho kiazi rahisi kupata sokoni Kenya, na kwa mukimo kinafaa sana kwa sababu huiva haraka na kupondeka vizuri. Ubaya wake ni huohuo: ukikisahau motoni kinavurugika na kunywa maji. Kikate vipande vya ukubwa wa yai, kwani vidogo zaidi hulowa. Anza na maji baridi yanayofunika viazi tu, utie chumvi, uchemshe dakika 15 hadi 20. Kisu kiingie bila kusukumwa. (Ukiwa sehemu za juu kama Nyahururu, maji huchemka kwenye nyuzijoto 92 hivi, kwa hiyo ongeza dakika kadhaa.) Mwaga maji yote, ila ubakize kikombe kimoja pembeni. Rudisha sufuria kwenye moto mdogo dakika mbili bila kifuniko, ukiitikisa, hadi viazi vionekane vikavu na vyenye unga juu. Wengi huiruka hatua hii, kisha hushangaa mukimo ukiwa majimaji.

Rangi inaharibiwa na muda mrefu motoni na mvuke uliofungiwa. Majani yana asidi kidogo. Ukifunika sufuria, asidi hiyo hurudi ndani na kuigeuza kijani kuwa kahawia. Menya nyuzi za vikonyo, chemsha majani dakika tatu au nne kwenye maji yanayotokota, bila kifuniko, kisha uyasage na vijiko vinne vya maji. Magadi huitunza kijani, ni kweli, lakini majani yanateleza na ladha inakuwa ya sabuni. Mimi sikushauri.

Kaanga vitunguu hadi vilainike, mimina majani, koroga dakika mbili maji yapungue. Ponda viazi vikiwa moto kwa mwiko mzito, ukikandamiza kuelekea chini badala ya kukoroga mzungukomzunguko. Vikipoa huwa vigumu na huacha mabonge. Changanya majani, kisha mahindi na minji mwishoni kabisa ili punje zibaki nzima. Mukimo ukiwa mkavu, ongeza yale maji uliyobakiza, kijiko kimoja kimoja. Mukimo mzuri husimama kwenye sahani, na ukiuchimba kwa kijiko kishimo kinabaki kikingojea mchuzi.

Ule ulionata usiutupe. Ukipoa, finyanga vidonge bapa, pakaa unga wa ngano na ukaange kila upande hadi uwe wa kahawia.