Panadol na Tylenol: ni dawa ileile

Dada wa Kondele, umeuliza kama mama anaweza kumeza Panadol ya hapo Kisumu pamoja na Tylenol aliyoletewa kutoka Marekani. Tafadhali asizichanganye. Jina la kimataifa la dawa hiyo, kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani, ni paracetamol. Wamarekani huiita acetaminophen.

Geuza kila pakiti usome maandishi madogo chini ya jina la biashara, kisha miligramu. Tembe nyingi zina 500, lakini Tylenol nyingine zina 650. Mtu mzima asipitishe miligramu 4,000 kwa saa 24, yaani tembe 8 za 500. Aliye mwembamba sana au mwenye shida ya ini apewe kipimo cha chini na daktari. Kagua hata dawa za mafua, maana nyingi zina paracetamol ndani, na hapo ndipo watu huzidisha bila kujua.

Kama ameshapitisha, mpeleke hospitali leo na pakiti zote, hata akisema yuko sawa. Ini linaweza kuharibika siku nzima kabla dalili hazijaonekana, na dawa ya kuliokoa hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema.

Majina ya dawa ya pumu nayo hutofautiana vivyo hivyo: albuterol ya Marekani ndiyo salbutamol yetu.